Kiti cha Kando ya Dereva

Nabuyonga, Mbale
18 Mei 2025

Mpendwa shemeji Apollo,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Habari za Doha na joto lake? Kazi ya ulinzi inaendaje, na mgongo umepoa? Sisi huku tunasukuma siku tu. Watoto hawajambo, dada yako Roselyn ana mafua na hasira. Mvua haikatiki.

Nikueleze habari ya kigari, maana kwenye simu nilikudanganya kwamba mambo ni shwari. Siyo shwari.

Unajua tangu boda ilipomwangusha Mama yenu kwenye tope kule mlimani kwake alikataa pikipiki kabisa, na kile kidonda cha sukari mguuni kinataka kusafishwa hospitalini kila wiki. Ndiyo maana nilikwenda Jinja kwa Hakim, yule Mnubi anayeuza vigari vya kupandia milima. Alinipeleka na viwili hadi kwenye mashamba ya miwa, nikaviendesha mwenyewe. Kile kirefu, cha viti vinne, kilikuwa kitamu barabarani, lakini kwenye mtaro kikakwama tumbo, tukakisukuma mpaka nikatapakaa matope mwili mzima. Cha viti viwili kilipanda bila kulalamika, na breki zilishika vizuri kwenye mteremko. Nikakupigia, ukasema hicho hicho. Hakim naye akaniambia, "Bwana, hiki kitafika mpaka mlangoni kwa mama mkwe."

Kweli kilifika. Mama akatoka na mkongojo wake, akaona kiti kimoja tu, kando ya changu, bega kwa bega. Akarudi ndani, akafunga mlango. Jamani! Mimi mkwe wake, ambaye nikimwona sokoni navuka barabara, ambaye tangu nioe sijawahi kumpa mkono! Mimi Mbukusu, wewe Mgisu, mila ya kutomkaribia mama mkwe ni ile ile, na sote wawili tuliangalia breki na magurudumu tu. Hivi akili zetu zilikuwa wapi, shemeji?

Roselyn usukani hauwezi, na vijana wa kule juu hawajui gari. Mara mbili Mama alikubali kukaa kwenye sanduku la mizigo la nyuma, juu ya godoro. Mara ya tatu mvua ilimnyeshea njia nzima, akaapa hapandi tena. Wiki zikapita, mguu ukabadilika rangi.

Alhamisi ya tarehe nane tulimkuta ana homa kali, anaongea na marehemu baba yako. Tukamfunga mkanda kwenye kile kiti, Roselyn akapanda nyuma. Kichwa cha Mama kililala begani kwangu mpaka mjini, na hakujua mimi ni nani. Nilikuwa nalia huku naendesha. Naona aibu hata sasa.

Wamemkata vidole vya mguu, na huenda wakakata zaidi. Homa imeshuka, akili imerudi. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani aliyemteremsha mlimani. Roselyn akamwambia ni wewe, umerudi.

Sasa kila asubuhi anataka afungwe kitambaa kizuri kichwani, na anauliza mbona mwanawe haingii. Mimi nakaa nje ya wodi, siwezi kuingia. Omba ruhusa kazini, Apollo. Njoo kabla hajaacha kuuliza.

Shangazi Namono anakusalimu, na watoto wanamsalimu mjomba wao. Wasalimie wenzako wa kambini. Mungu akufungulie njia, ufike salama.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Wangila