Brashi ya Upepo ya Mzee Machuki

Jumatatu, 4 Machi 1996
Mwikwabe amenirudishia basi. Lile dogo la mbao, urefu wa kiganja. Anataka manane, moja kwa kila basi lake la kweli, ayapange ofisini kwake hapa Migori. Amelipeleka dirishani, akaligeuza, akaniambia: Gesare, naona mistari ya brashi. Basi langu halina mistari.
Ni kweli. Ubavuni mwa basi lake bluu inaingia kwenye nyeupe polepole, kama moshi. Nywele za brashi haziwezi hiyo kazi. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo kazi anampelekea fundi wa Kisumu. Nahitaji brashi ya upepo, ile inayopuliza rangi kwa hewa.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata moja kwenye duka la vipuri karibu na stendi. Mpya, bado iko kwa boksi. Ukibonyeza, inatema rangi. Kiasi chake unakipanga kwa skrubu kabla ya kuanza, hukibadilishi tena. Nimeijaribu kwa maji juu ya gazeti, kisha kwa wino. Kwa mlango wa gari ingefaa. Kwa basi la kiganja imefunika madirisha yote.
Ile ninayoitaka najua iko wapi. Homa Bay, kwa Mzee Machuki, fundi wa modeli. Kitufe kimoja, kazi mbili: ukibonyeza unapata hewa, ukivuta nyuma unapata rangi, kidogo kidogo, mpaka mstari mwembamba kama unywele. Nilimfanyia kazi miaka mitatu. Niliiosha kila jioni na hakuniruhusu kuvuta kile kitufe hata siku moja. Nilijaribu mara moja, akiwa nje. Akarudi. Akanipulizia nyekundu usoni mbele ya wateja, kutoka paji mpaka kidevu, taratibu, akiwaambia hii ndiyo modeli yangu mpya. Wakacheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Ijumaa, 8 Machi
Cephas, jirani yangu anayeuza omena, dagaa wa ziwani, ametoka Homa Bay. Anasema Mzee Machuki hafanyi kazi tangu Krismasi. Mikono inatetemeka. Hata chai ananyweshwa na mkewe kwa kijiko.
Nimesema pole. Cephas alipoondoka nikajikuta natabasamu. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumapili, 10 Machi
Nimeenda. Mama Cliff, mkewe, amenipokea vizuri. Amenong'ona kwamba wanauza, lakini niongee na mzee kwa heshima. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, mikono ameibana katikati ya magoti. Majirani wawili walikuwa wamekuja kumjulia hali.
"Umekuja kunicheka," akasema.
"Hapana, Mzee. Nimekuja kuangalia brashi."
"Ile si ya mikono ya kuosha vyombo."
Majirani wakatabasamu. Hapo ndipo nilipoamua.
"Nitajuaje bado inafanya kazi? Nichoree mstari mmoja tu."
Mama Cliff akasema, "Gesare, wacha. Si ujaribu mwenyewe?"
"Yeye ndiye anaijua, mama."
Mzee alinielewa. Nilimwona akinielewa. Na bado akainuka, maana watu walikuwa wanamwangalia. Nikawasha kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Nikachanganya bluu mwenyewe, nyepesi kama maziwa, nikamwekea ubao mweupe mbele yake. Akaishika brashi kwa mikono miwili. Yakatoka matone, kisha dimbwi, kisha bluu ikamshukia kwenye suruali.
Nilitegemea watacheka. Hakuna aliyecheka. Jirani mmoja akaangalia chini, mwingine akaaga.
Nikasema, "Sawa. Mashine ni nzima."
Nimemlipa Mama Cliff, akaifunga kwa kitambaa bila kuniangalia. Nimeipakata njia yote mpaka Migori.

Jumanne, 12 Machi
Mabasi matatu tayari. Bluu inaingia kwenye nyeupe na huoni inapoingilia. Mwikwabe amekuja, akaita watu wake waje waone. Wamenisifu sana. Nimechoka na sifa zao. Wangejua nini?

Alhamisi, 14 Machi
Asubuhi nimefungua karakana na wao wako mlangoni. Mzee na Mama Cliff. Mama Cliff amesema mzee halali wala hali, anashinda akisema nitaiziba brashi kwa kuosha vibaya. "Mpe kuosha tu. Hata usimlipe." Akamwacha hapa, akaenda sokoni.
Ningeweza kukataa. Nimemwekea kiti kifupi, karibu na karai, mahali ambapo wateja wanaingilia. Nikampa brashi.
Ameifungua vizuri, polepole, kila kipande juu ya kitambaa. Imemchukua karibu saa nzima. Sasa anarudisha sindano, ile inayopima rangi inapotoka. Ncha yake ikigusa ukingo wa tundu itapinda, na Migori nzima hakuna nyingine. Mabasi matano bado. Anajua. Ndiyo maana amesimamisha mkono hewani, na ncha inacheza mbele ya tundu, kushoto, kulia.
"Gesare," amesema chini chini. "Nishikie mkono."
Mwikwabe ndiye huyo anavuka barabara na wageni wawili, wanakuja hapa.
Nimemwambia, "Ngoja, Mzee. Namalizia kuandika."
Anangoja.