Mtani Aliyelikalia Sanduku Langu

Marahaba, mume wangu Tumaini.

Huku Kariakoo tu wazima. Goti la babu yako limetulia. Jana alienda Feri mwenyewe kununua samaki. Unauliza kama ni aibu kuhamia nyumbani kwa yule Msukuma anayekukaribisha ili umalize chuo.

Nikiwa mwaka wa mwisho wa ualimu, mjomba niliyekaa naye alihamishiwa kazi Mtwara. Nikafunga sanduku nirudi Songea. Mama Kabula, Mnyamwezi wa chumba cha pili katika nyumba tuliyopanga, mtani wetu Wangoni tangu babu zetu walipotekana vitani, akaja akalikalia katikati ya ua.

"Mngoni, nimekuteka. Huondoki bila cheti."

"Nitalala wapi, mtani?"

"Mateka naye anauliza? Kwangu!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Jioni Mchaga wa chumba cha mbele akaleta godoro, na mama mmoja wa Lindi akanipikia. Utani haukuwahusu hao, lakini walisema mateka wa nyumba ni wa wote.

Siku ya cheti, Mama Kabula alikishika kwa mikono miwili, akanifungulia mlango. "Haya, uko huru." Nikashindwa kutoka.

Wasukuma nao ni watani zetu, baba. Huyo mwenyeji wako akilikalia sanduku lako, mwache akae.

Bibi yako