Seneta Rundquist Apunguzwa Upande Mmoja

Jumatatu, 4 Februari

Bajeti ya Gavana imetoka. Sisi vyuo vya jamii — fungu letu linapunguzwa! Mkuu wa chuo, Dk. Hostetler, alitusomea kwa sauti ya msibani. Wauguzi wamesalimika. Mafundi wa kuchomelea wamesalimika. Unyoaji, yaani darasa langu: "Itategemea bunge la jimbo." Nimerudi nyumbani nikala maharage ya pilipili na maandazi ya mdalasini hadi tumbo likagoma.

Jumatano, 6 Februari

Hostetler ana wazo. Mungu tusaidie. Jumanne tunakwenda Topeka, makao makuu ya jimbo, kila idara ikaonyeshe kazi yake ndani ya jengo la bunge. Wauguzi watapima presha. Wachomeleaji wamenyimwa moto, wanabeba picha. Sisi tunanyoa waheshimiwa bure.

Nikauliza: wenye vipara je? Akasema naanza kuvunja watu moyo.

Nampeleka Verna, mwanafunzi wangu. Bibi wa wajukuu watano, kiwanda cha nyama kilimwachisha kazi, mwezi wa Juni anataka kufungua saluni yake. Mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Nimemsihi asiguse siasa.

"Mimi? Siasa? Mwalimu, mimi ni mashine na kitana tu."

Uongo mtupu.

Jumanne, 12 Februari

Topeka. Naandika kwenye ngazi.

Asubuhi alikuja mlinzi mmoja tu. Kisha nani anakaa kitini? Seneta Rundquist! Mwenyekiti wa kamati ya bajeti! Nywele nyeupe, nzito kama za kondoo.

"Nipunguzie kidogo tu," akasema.

"Mheshimiwa, kidogo kama mlivyotupunguzia sisi, au kidogo kweli?"

Nikamkanyaga Verna mguu. Mzee akacheka — bahati! Akamuuliza, darasa likifungwa atasomea wapi? Verna akajibu kuwa chuo kingine kiko mwendo wa saa mbili, na gari lake haliingii rivasi, akipitiliza lango basi tena hadi kesho. Rundquist akacheka kwa mwili mzima. Mashine ikateleza.

Mfereji! Juu ya sikio la kushoto! Kuuficha, ikabidi upande wote ule ushuke hadi ngozi. Kulia bado kondoo.

Hapo kengele ikalia. Kura! Kamati yake inamsubiri.

Hostetler akaja mbio, akaona, akaketi sakafuni.

Rundquist akajitazama kiooni. Akageuza kichwa kushoto, kisha kulia.

"Ndivyo inavyokuwa, mzee," Verna akasema, "kazi ukiiachia njiani."

Nikafumba macho. Nilipofumbua, alishaondoka, shuka letu la kunyolea bado limemning'inia shingoni, jina la chuo mgongoni.

Sasa yuko kwenye televisheni ya ukutani hapa ngazini. Wajumbe wanavunjika mbavu. Anagonga meza watulie. Hostetler anasali. Verna anapiga mashine brashi: "Akirudi, namalizia kulia."

Wametulia. Rundquist anavuta kipaza sauti. Anaigeuzia kamera upande wenye upara, anausonta kidole, anasema: "Waheshimiwa, ndivyo inavyokuwa, darasa ukilikatia njiani."