Isale Uliyoipeleka Bomang'ombe

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Ungekuwepo ungeitikia kabla sijafika mlangoni, kisha ungeuliza lile lile: "Wamesemaje?"

Wamekataa, Baba. Jana tena. Barua imeanza na "Tunakushukuru", na mimi barua ya kazi ikianza na shukrani siimalizi. Naenda kumkatia ng'ombe majani. Siku hizi nimerudi huku Kilema, namsaidia mama. Kwa kukataliwa nimekuwa fundi. Nikimwangalia tu mtu wa mapokezi anavyoishika bahasha yangu, najua kama itafika kwa bosi au itakuwa kiti cha chupa ya chai.

Unakumbuka ule msimu wa kahawa, niliporudi na jibu kwamba wanataka mwenye uzoefu? Tulikuwa tunachuma mti mmoja, mimi huku, wewe kule. Ulicheka mpaka ndoo ikatikisika. "Wanataka mtamba ambaye hajazaa, halafu mtamba huyo awe anatoa maziwa! Hao wamewahi kufuga kweli?" Siku ile kukataliwa hakukuuma.

Lakini ofisi ile ya Bomang'ombe iliponikataa mara ya tatu, hukucheka. "Mtu hakataliwi mara tatu mlango mmoja bila kosa," ulisema. "Umemkosea nani pale?" Nikakwambia hakuna kosa, ni watu wengi na nafasi moja. Hukuniamini. Kwako wewe, anayekataa ana kinyongo, na kinyongo kina dawa yake.

Dawa yenyewe imeota kwenye kila uzio wa Uchaggani. Ukimpelekea mtu jani la isale kumwomba radhi, hata kama ulimchomea nyumba, hawezi kukukatalia. Wewe ukakata tawi zima. Nadhani uliona kosa la mara tatu haliondoki kwa jani moja.

Mimi nilikuwa chumbani kwangu kule mjini, Pasua, simu ilipoita. Dada wa mapokezi: "Njoo ofisini sasa hivi, kuna jambo lako." Miaka mitatu ya kutuma maombi, Baba, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ofisi kunipigia. Nilivaa tai. Nilipiga pasi mpaka soksi.

Nikakukuta kwenye benchi, umevaa koti la kanisani, tawi umelisimamisha magotini kama mshumaa wa Pasaka. Mlinzi anakuuliza, "Mzee, hiyo inatibu nini?" Yule dada anasema hawanunui maua. Bosi, Mchagga wa Machame kabisa, alichungulia, akaiona, akajifungia ndani. Yeye alijua akiipokea amekwisha. Uliponiona ulisimama ukatabasamu. "Umefika. Njoo tuombe radhi pamoja."

Nilikushika mkono nikakutoa nje kama mlevi. Pale stendi, mbele ya akina mama wauza ndizi, nikakwambia, "Umeniaibisha, Baba. Usiingilie tena maisha yangu."

Uliiangalia tai yangu kwanza. "Basi, baba," ulisema, kama ulivyokuwa ukiniita nilipokuwa mdogo. "Nimekosea mlango." Ukapanda basi peke yako, na tawi lako.

Sikupanda mlimani tena. Mwanzoni ilikuwa hasira, baadaye ikawa aibu. Nikajiambia nitakuja nikipata kazi, nije na la kusema. Masika ikaja, kifua kikakubana, na simu iliyofuata kunitoa Pasua mbio ilikuwa ya mama. Safari hiyo sikupiga pasi kitu. Nilikuja bila kazi vile vile, na bila wa kumwambia.

Jana, baada ya ile barua, nilikuwa nakata majani kwenye kona ya kihamba, shamba letu la hapa nyumbani, karibu na lango. Mama akaniambia, "Hapo angalia, usiikate hiyo. Baba yako alirudi nayo toka Bomang'ombe, akaichomeka. Alisema isale iliyokatwa kwa ajili ya radhi haitupwi." Nikasimama na panga mkononi. Imeshika, Baba. Imenifika kiunoni.

Asubuhi hii nimechuma jani moja, nimelifunga fundo kama ulivyonifundisha. Sasa nimekaa mgombani, pembeni ya kaburi lako, naandika haya mgongoni mwa bahasha ya vyeti. Uzoefu wa kuomba kazi ninao. Wa kuomba radhi sina hata wa mwezi mmoja. Vyeti vyenyewe nimeviacha ndani. Wale wote walikuwa na haki ya kunikatalia. Wewe, Baba, mila haikuruhusu.

Na kusubiri majibu yasiyokuja nimezoea. La kwako nitalisubiri hapa hapa, mpaka mama aniite kukamua.

Jani nimeliweka upande wa kichwani. Lala, Baba.

Kitinda mimba wako