Haikuwa weye mu ordinatere

Baba Gloria,

Sijue kama habari za huku zinafika kule uliko. Nakuandikia tu. Mutoto amelala ku mukeka, na mimi nimepata mikono kidogo.

Ordinatere yako, ile kompyuta ya kazi, imepona. Nilifikiri siku nitakuambia hii neno nitakuwa na furaha. Sina.

Tulipomaliza kilio, yaya yako Célestin, kaka yako mukubwa, alikuja na shangazi yako kuchukua bintu. Balisema ni bya mutoto wabo, ni kusema weye. Televizio ikaenda, friji ikaenda, hata biti bya plastiki bya kuikalia. Mimi niliikala chini, nikabaachia. Kisha yaya akawasha ordinatere, ile ulikuwa unaandikia bantu barua na kazi za masomo pale mbele ya nyumba, aone kama iko nzima. Ikawaka. Ikatosha picha yako ku kioo. Ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Shangazi akarudi nyuma mpaka ku mulango: "Célestin, acha ile kitu! Mwenyewe anakatala!" Na yaya, mutu mukubwa vile, akaondoa mukono sawa mutu ameshika makala ya moto. Balibeba friji mbiombio, ordinatere ikabaki. Nilicheka ndani ya moyo, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Na mimi niliamini, Baba Gloria. Nikaendelea na kazi yako pale pale, na mashini ikaendelea kuzima bila kuaga. Iko muzuri asubui yote, kisha, pap, giza, na mwanafunzi anasimama nyuma yangu anapiga kelele: "Mama, kuran ya umeme iko! Taa ya jirani inawaka! Sasa kazi yangu imeenda wapi?" Mimi najibu ni kuran tu, inacheza. Ndani ya moyo nasema ni weye. Umechoka na kelele zabo. Unaniambia niende nipike, mutoto analia. Nilikuwa nakusalimia, kisha nawasha tena. Inazima. Nawasha tena.

Bantu baliacha kuja. Ikafika siku Gloria alikunywa chai tupu, akalala. Njo nilibeba mashini ku kichwa mpaka Kamalondo, kwa Papa Léon, ule fundi ulikuwa unamucheka ati anafungua hata mashini haina ugonjwa. Akapangusa vumbi. Akabadilisha waya ya kuran, akabadilisha memwari. Inazima tu. Mwisho akaweka sikio ku sanduku yake sawa doktere ku kifua ya mugonjwa, akaniita: "Sikia." Nikainama. Ka, ka, ka.

"Disiki njo inakufwa, mama. Na kila mara unaiwasha, unaimaliza."

Ka, ka, ka. Ile tu. Haikuwa weye.

Nililia pale mu duka yake. Alifikiri nalilia disiki, masikini, akanipa maji: "Mama, disiki zinapatikana!"

Akaitosha mu sanduku, akaiunga ku mashini yake ingine, apate kuokoa bintu mbele ifwe kabisa. Kazi za banafunzi zilitoka karibu zote. Picha zetu zilikuja polepole, moja, moja, kisha ile ka, ka, ka ikanyamaza. Akagusa waya, akangoja. Hapana. Ile picha ya batizo, Baba Gloria, ilitoka nusu. Uso wako iko, unacheka, mashati yako nyeupe iko. Toka ku kifua kushuka chini ni rangi ya majivu. Mutoto mu mikono yako amepotea. Gloria akaangalia, akauliza: "Papa anashika nini?" Nikamuambia: "Anakushika weye." Akaangalia tena, akatafuta. Hakujiona.

Sasa Papa Léon ameniwekea disiki ingine, aliitosha mu mashini ingine ya zamani. Inafanya kazi toka asubui mpaka jioni. Haizimi. Saa ingine mukono inabaki juu ya herufi za klavye, nangoja izime. Haizimi. Hamuna mutu mule.

Na yaya Célestin amesikia. Ametuma neno: dimanshi, siku ya Mungu, anakuja kuchukua "ile yetu ilibaki". Niko na woga. Sina kaka wa kusimama naye, na weye uko kule. Mara hii ataiwasha, itawaka, itabaki inawaka muzuri. Shangazi hatarudi nyuma. Hakuna kitu kitanisaidia mu ile sanduku.

Lala, mume wangu. Usijisumbue na sisi, umejisumbua ya kutosha. Nakuahidi: akifika nitamupa maji ya kunywa na nitamuita yaya kwa eshima, juu ni ndugu yako. Kisha nitaweka Gloria ku mugongo, nitasimama mbele ya meza yako. Mara hii mimi njo nitakatala.

Ni mimi,
Mama Gloria