Bega Langu na Kidude cha Kuhesabu Hatua

Jumamosi, Buhongwa, 1996. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo wa ziwa haufiki huku, na mimi nina furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Shajara, bega langu la kulia unalijua. Linaruka lenyewe tangu nikiwa darasa la tatu. Silitumi, na nikilizuia hulipiza baadaye. Ndiyo maana kwenye kwaya naimba nyuma kabisa, nimefichwa na akina baba warefu. Mwalimu Masanja, anayetufundisha nyimbo, alisema mwanzishaji wa wimbo, anayesimama mbele, hawezi kuwa mtu wa kuchekesha waumini. Niliumia sana. Sauti ninayo, na yeye anajua.

Majuzi nilifungua belo la mitumba kibandani kwangu, nikakuta kidude kimebanwa kwenye suruali ya mazoezi. Ni cha kuhesabu hatua: kikitikiswa, namba inapanda. Nikakibana begani, chini ya kitenge. Kila bega likiruka, namba juu. Na nilivyozidi kuchungulia ndivyo lilivyozidi kuruka, jeuri kweli.

Alhamisi nikaenda nacho mazoezini. Kwaya yetu haichezi, tunasimama wima kama nguzo. Nikaitazama namba kabla ya wimbo, nikaitazama tena baada ya ubeti wa mwisho.

Haikusogea.

Nilidhani kimekufa. Nikakitikisa, kikahesabu. Kumbe nikiimba bega linatulia! Sikuwahi kujua, kwa sababu nikiimba silikumbuki.

Leo nikamwonyesha Mwalimu mbele ya kwaya nzima, nikamweleza kuwa nikiimba namba haisogei.

"Dada Minza, hicho kimeharibika," akasema.

Nikakibana begani kwake, nikamwomba apunge mikono kama anavyotuongoza. Namba ikapanda mbio, watu wakacheka, na yeye akacheka. Kisha nikakirudisha begani kwangu, nikasimama mbele, nikaimba peke yangu ule wimbo wa tamasha la kesho kule Nansio, kisiwani Ukerewe. Bega kuruka, wapi! Akasoma namba: ileile. Nilipokaa tu, likaruka, kikahesabu.

Mwalimu akasema: "Nilikuonea, dada yangu. Kesho utaanzisha wewe."

Nimejivuna njia nzima kurudi nyumbani, na bado najivuna. Mama amekwisha kunipigia pasi sare.

Kesho melini bega litaruka, na kwenye mahubiri litaruka mbele ya Wakerewe wote. Liruke.

Naanzisha mimi.