Sekunde Nne Kwenye Kona Kali

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza kukata na kuunga picha za kipindi cha pili cha runinga — wanafunzi wa urubani wa ndege za kivita. Mtayarishaji kafurahi, anasema hakuna pa kupiga miayo. Mtoto wa dada yangu anaonekana chuma kwelikweli ndani ya ile helmeti. Dada ameshawatangazia majirani wote, na paka wao.

Jumanne, 4 Machi
Mtayarishaji anataka ile kona kali, ndege ya mtoto wa dada inapogeuka ghafla angani, irudishwe nzima. Nikaitafuta kwenye picha ghafi. Kumbe pale nilitupa sekunde nne. Zilikuwa kimya tu, na kimya mimi hukikata bila kuuliza, mkono umeshazoea. Leo nimezitazama.

Kwenye kona kali damu hukimbilia miguuni. Ndiyo maana wanakaza mapaja na tumbo, wanaguna kama wabeba magunia. Mtoto anaguna, anaguna, halafu basi. Kichwa kinaangukia kifuani. Amezimia! Mkufunzi kaketi nyuma yake, uso hauoni. Anauliza mbona kalegeza usukani. Mtoto anazinduka: samahani, mkono umeteleza.

Mkono! Na Alhamisi anaruka peke yake.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia mtoto simu. Hakubisha. Ni mara ya tatu, anasema, na wakijua watamtoa. "Mama mdogo, wewe kata tu. Si ndiyo kazi yako?" Nikamuuliza, ukizimia peke yako huko juu, nani atashika usukani? Yeye akauliza kama mama yake anajua.
Hajui. Sijala tangu jana. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Saa mbili asubuhi nimempigia mkufunzi, nikamtumia zile sekunde. Alizitazama simu ikiwa hewani, nasikia anavyohema. Akasema kijana haruki leo. Na kesho je? Kesho ni ya madaktari — ila nisimpe mama yake matumaini.

Nilikuwa sijajua nianzie wapi, saa nne dada huyo, kaingia na gauni la sherehe ya mtoto kuvishwa mabawa, ile beji ya urubani. Jipya, bado lina lebo ya duka. Anataka niangalie pindo. Nimesema naja. Nimejifungia chumbani, naandika badala ya kusema. Mwoga mkubwa mimi.

Simu yake inaita huko sebuleni. Kapokea, anacheka. "Rubani wangu! Ngoja nikuweke spika, mama yako mdogo naye asikie."